Jinsi ya Kuanzisha Mpango wa Ushauri Rika kwa Vijana Walio Nje ya Shule na Kazi

Wanaotaka kuanzisha mpango wa ushauri rika, yaani wa kijana kumshika mkono kijana mwenzake, huuliza maswali yaleyale. Washauri walipwe? Wawe na umri gani? Tuanze na vijana wangapi? Kijana asipotokea mara ya pili tufanyeje? Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza: una nia, pengine una chumba cha kukutania na vijana wachache walio tayari kusaidia wenzao, lakini hujui ushike wapi.

Kabla ya lolote, lielewe hili, kwa sababu hatua zote zilizo hapa chini zinalitumikia. Kijana aliyeacha shule na asiye na kazi amekwisha kuachwa na watu wengi. Ukimletea mtu wa kumsikiliza, kisha mtu huyo akapotea baada ya wiki sita, umemwongezea jeraha. Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi wao kuhusu vijana wa Marekani waliounganishwa na watu wazima wa kujitolea. Waliodumu na washauri wao mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika kuliko wengine, na wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Kwa hiyo kama una nguvu ya kuhudumia vijana kumi kwa mwaka mzima, chukua kumi. Usichukue hamsini kwa miezi mitatu, hata kama mfadhili anapenda idadi kubwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mratibu mmoja ambaye kazi hii ni yake kweli, si ya kuchomekea kati ya majukumu mengine. Ndiye atakayepokea simu ya mshauri saa mbili usiku.
- Mtu mwenye taaluma (mnasihi, afisa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili) aliyekubali kwa maandishi kupokea kesi nzito. Mtu wa namna hii akikosekana, usianze.
- Mahali pa kukutana panapoonekana na watu lakini pasiposikika mazungumzo.
- Fedha za nauli na salio la simu kwa washauri, na nauli kwa vijana, za kutosha miezi 18: mitatu ya maandalizi, 12 ya jozi (mshauri na kijana wake wanaokutana), mitatu ya kufunga.
- Orodha ya huduma zilizopo: kliniki, msaada wa sheria, vyuo vya ufundi, huduma za waraibu, makazi ya dharura. Kila huduma iwe na jina la mtu wa kumwona, namba yake na saa zake. Piga kila namba mwenyewe uone kama inapokelewa.
- Kanuni za ulinzi wa watoto, zilizoandikwa na kusainiwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kwa kawaida unamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wengi wa vijana wako watakuwa hapo. Hao wanahitaji ridhaa yao wenyewe na ya mzazi au mlezi.

Hatua kwa hatua

1. Amua unawalenga vijana gani.

Shirika la Kazi Duniani linapohesabu vijana wasio shuleni, kazini wala mafunzoni, huangalia wenye umri wa miaka 15 hadi 24. Duniani kote ni karibu mmoja kati ya kila watano, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna watu wasiofanana hata kidogo. Yumo msichana mwenye mtoto mchanga anayelea na wadogo zake. Yumo aliyetoka mahabusu mwezi uliopita, na yumo mwenye cheti aliyetafuta kazi hadi akakata tamaa, siku hizi analala mchana na kukesha usiku. Chagua kundi moja, mawili yakizidi sana.

Uamuzi huu ndio utakaopanga saa za kukutana, mahali, na aina ya mshauri. Ukilenga mama wadogo halafu ukapanga mikutano ya jioni bila mahali pa kuwaweka watoto, umewafungia mlango kabla hawajafika.

2. Wafuate walipo.

Tangazo halitawaleta, maana waliovunjika moyo hawajiandikishi. Nenda kijiweni, kituo cha michezo, kliniki ya watoto, nyumba ya ibada, ofisi ya uangalizi wa waliotoka gerezani, na utambulishwe na mtu ambaye tayari wanamwamini. Ziara za kwanza usibebe fomu. Salimia, kaa, eleza unachofanya kwa sentensi mbili, jibu maswali, ondoka. Kisha rudi siku uliyosema utarudi.

Na usiwaite "vijana wenye matatizo", si mbele yao wala kwenye bango. Kijana akiona jina la mpango linamtangaza kuwa ameharibika, hataingia mlangoni hapo wenzake wakimtazama.

3. Chagua washauri kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Mshauri rika anayefaa amemzidi kijana miaka miwili hadi mitano hivi na amepita njia inayofanana na yake: aliacha shule, alikaa bila kazi, alitumia dawa za kulevya au alilea mtoto peke yake. Tena amekwisha kusimama. Huko "kusimama" ndiko kunakosumbua watu. Mimi hupendelea mtu ambaye maisha yake yametulia angalau mwaka mzima: ana pa kulala, ana shughuli, na kama alikuwa mraibu ana mtu anayemshika mkono. Anayeanza kupona apewe nafasi ya kupokea msaada kwanza. Kumpa mzigo wa mwenzake mapema mno kunaweza kuwaangusha wote wawili.

Katika usaili, maswali ya "kwa nini unataka kusaidia vijana" hayakusaidii sana, kwa kuwa kila mtu ana jibu zuri. Mpe visa, kwa mfano: "Kijana wako anakupigia usiku kwamba amefukuzwa nyumbani, anaomba alale kwako. Unafanya nini?" Au: "Mmekubaliana kukutana saa nne, hajatokea, na hii ni mara ya tatu. Unamwandikia ujumbe gani?" Mwache auandike hapohapo. Ukisoma "kama huna nia sema", umejifunza mengi.

Fuatilia pia mwenendo wake: zungumza na watu wawili wanaomfahamu wasio ndugu zake, na mahali ambapo sheria inaruhusu, pata taarifa ya polisi. Kosa la zamani si lazima limfungie mtu nje, pengine ndilo linalomfanya aaminike. Lakini aliyewahi kuwadhuru watoto au kumnyanyasa mtu kingono haingii, hata angeombewa na nani.

*Angalizo:* Usimchague msemaji hodari kwa sababu tu anavutia jukwaani. Kazi hii inamtaka mtu anayeweza kukaa kimya.

Kuhusu malipo: nauli na salio la simu virudishwe kila mara, bila mshauri kubembeleza. Ukiweza kutoa posho, iwe ndogo, sawa kwa wote, ya kila mwezi. Usilipe kwa kila mkutano ulioripotiwa. Ukifanya hivyo utaanza kupokea ripoti za mikutano ambayo haikufanyika, na hutajua lipi la kweli.

4. Wafundishe, na sehemu kubwa iwe mazoezi.

Siku tatu au nne zinatosha kwa kuanzia, kisha mafunzo mafupi kila mwezi. Nusu ya muda iwe ya kuigiza mazungumzo wawiliwawili. Washauri wengi wapya wana haraka ya kutibu. Kijana anasema: "Nimechoka na pale nyumbani. Mama anasema mimi ni mzigo." Mshauri mpya anajibu: "Usijali, mama anakupenda, wewe jitahidi tu utafute kazi." Mazungumzo yamekufia hapo. Sasa mwambie ajaribu hivi: "Amekuambia wewe ni mzigo. Ilikuwaje?" Halafu anyamaze. Mhesabie hadi kumi kimyakimya. Zoezi hilo la kimya lirudiwe mpaka waache kulikimbia.

Kwa siku ya taharuki, wafundishe mambo matatu yaliyo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama, sikiliza bila kumlazimisha aseme, mwunganishe na msaada.

Pia waambie waziwazi kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wazoeshe kulitamka swali lenyewe, maana mara ya kwanza ulimi huwa mzito.

5. Weka mipaka na siri kwa maneno mepesi.

Mshauri ahifadhi sentensi hii kichwani na aiseme siku ya kwanza: "Unachoniambia kinabaki kwetu, isipokuwa mambo matatu: ukitaka kujidhuru, mtu akikudhuru, au wewe ukitaka kumdhuru mtu. Hayo nitamwambia mratibu, na nitakuambia kwanza kwamba namwambia." Kijana akijua mapema hataona amesalitiwa.

Mipaka mingine:
- Hakuna kukopeshana pesa, kati ya yeyote na yeyote.
- Hakuna mapenzi. Hili halijadiliwi.
- Mikutano ya nyumbani kwa mshauri hairuhusiwi.
- Saa za kupokea simu zijulikane, na baada ya saa hizo kijana awe na namba nyingine ya dharura.
- Kutumiana ujumbe ni sawa, lakini picha za kijana haziwekwi mtandaoni, hata akiridhia.

6. Unganisha jozi.

Muulize kijana anataka mtu wa namna gani. Msichana apewe mwanamke, isipokuwa kama kuna sababu nzito na yeye mwenyewe ameomba. Zaidi ya hapo, vitu vidogo ndivyo vinavyofanya kazi: wanaishi karibu kiasi cha kufikiana kwa miguu, wanapenda mchezo mmoja, wote wawili ni wazazi. Msiende zaidi ya kijana mmoja kwa mshauri katika miezi mitatu ya kwanza, na wasizidi wawili baada ya hapo.

7. Mkutano wa kwanza.

Mratibu awepo dakika kumi za mwanzo, awatambulishe, kisha aondoke. Wasikae wakitazamana kama kwenye usaili. Wakae ubavuni, au watembee, kwa sababu vijana wengi huongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kitu kingine. Simu ya mshauri ikae mfukoni, bila daftari wala fomu mkononi.

Mshauri aanze kwa kusema yeye ni nani na amepitia nini, kwa ufupi sana. Akisimulia historia yake dakika ishirini, mkutano umekuwa wake. Kisha aeleze ile sentensi ya siri, aseme watakutana mara ngapi, na aulize jambo moja: "Siku yako ya kawaida inakuwaje?" Swali hili huzaa mengi kuliko "una matatizo gani?" Litakuonyesha anaamka saa ngapi, anakula na nani, nani anamtuma, yeye anamwogopa nani.

Wakiachana, siku na saa ya kukutana tena vijulikane. Dakika 45 zinatosha. Kijana aliyekaa kimya karibu muda wote hajakukataa. Mara nyingi anakupima kama utarudi.

8. Mikutano inayofuata.

Kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, siku ileile na saa ileile. Baadaye mnaweza kwenda kila baada ya wiki mbili.

Malengo yawe madogo na yenye mwisho unaoonekana: kupata kitambulisho, kufuatilia cheti cha kuzaliwa, kuhudhuria kliniki, kwenda kuangalia chuo cha ufundi bila kujiandikisha bado. Lengo la "kupata kazi" ni kubwa mno kwa mwezi wa kwanza, na likikwama linathibitisha kile anachokiamini tayari kuhusu nafsi yake. Mshauri aende naye. Nimeona vijana wengi wakifika mlango wa ofisi, wakaangalia foleni na mlinzi, wakageuza. Mwenzako akiwa pembeni unaingia. Akiwa ndani, kijana aongee mwenyewe, na mshauri asidakie maneno.

*Angalizo kuhusu vikundi:* Wengi hufikiri njia rahisi ni kuwakusanya vijana wote kila wiki. Kuwa mwangalifu. Huko Massachusetts, Marekani, ulianza mwaka 1939 mradi mkubwa wa kuwasaidia wavulana waliohofiwa kuingia katika uhalifu. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta miaka 30 baadaye, na mwaka 1978 akaripoti kwamba waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa kuliko wenzao walioachwa. Uchambuzi wa baadaye, uliochapishwa mwaka 1999, uliona madhara yamejikusanya kwa wale waliopelekwa kambi ya kiangazi zaidi ya mara moja. Wavulana wenye mwenendo mgumu wakikaa pamoja bila shughuli, hufundishana na kushangiliana kwa mabaya. Kwa hiyo msingi uwe mtu kwa mtu. Kikundi kikikutana, kiwe na kazi ya kufanya, kiwe na mtu mzima, na kichanganywe: wanaosumbuka sana na walio imara.

9. Wasimamie washauri.

Hii ndiyo hatua inayoachwa fedha zikipungua, na ndiyo inayoshikilia mpango wote. Kila mshauri azungumze na mratibu kila baada ya wiki mbili, nusu saa, peke yao. Mara moja kwa mwezi wakutane wote. Uliza mambo manne: Mmekutana? Kuna la hatari? Unakwama wapi? Na wewe mwenyewe unalalaje? Swali la nne lisirukwe. Mshauri anasikia habari zinazofanana na zake za zamani, na madonda hufumuka. Ukimwona anaahirisha, anachelewa, au anasema "kila kitu kiko sawa" mara tatu mfululizo, kaa naye zaidi.

Kumbukumbu iwe ya mistari mitatu kwa kila mkutano: tarehe, walichokubaliana, jambo la kufuatilia. Maelezo ya siri ya kijana yasiandikwe kwenye kundi la ujumbe la washauri.

10. Funga jozi vizuri.

Tarehe ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza, na ianze kutajwa tena miezi miwili kabla. Mkutano wa mwisho waandike pamoja alichofanya kijana, kuanzia vitu vidogo, na watu watatu wa kumwendea akikwama. Mshauri akilazimika kuondoka mapema, aje aage ana kwa ana. Ujumbe wa simu hautoshi. Kisha mratibu ampigie kijana baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mitatu.

Yakitokea haya

*Kijana hatokei.* Mtumie ujumbe siku hiyohiyo usio na lawama: "Nilikuwepo. Natumaini uko salama. Jumanne nitakuwa palepale saa nne." Halafu uwepo. Akikosa mara tatu, nenda kwake pamoja na mratibu. Akisema hataki tena, kubali, na mwachie namba.

*Anaomba pesa kila mara.* Mshauri aseme hapana ileile kila mara, kisha aulize pesa ni ya nini. Ikiwa ni chakula au dawa, hiyo ni kazi ya mratibu na ile orodha yako ya huduma.

*Mshauri amerudia dawa za kulevya.* Asimamishwe kukutana na kijana mara moja, bila kufedheheshwa, na apelekwe kwenye msaada. Kijana aambiwe kwamba mshauri wake anaumwa na hatakuwepo kwa muda, na siku hiyohiyo atajiwe jina la atakayeshika nafasi.

*Mapenzi yameanza, au yanaelekea huko.* Tenganisha jozi leo. Kijana akiwa chini ya miaka 18, fuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto na sheria. Usilimalize kimyakimya ndani ya ofisi kwa kuogopa jina la mpango kuchafuka.

*Familia inapinga.* Mara nyingi wanaogopa kwamba mgeni anawanyang'anya mtoto, au mkono wa nyumbani. Mratibu aende awaone, asikilize, aeleze saa na mahali pa mikutano. Kwa msichana anayetegemewa kwa kazi za nyumbani, kubadilisha saa huwa kunatosha.

*Kijana anasema anataka kufa.* Mshauri asimwache peke yake, hata kwa dakika za kwenda kupiga simu nje. Aulize waziwazi: Unafikiria kujiua? Umepanga namna? Unacho hicho cha kutumia? Apige simu kwa mratibu akiwa hapohapo naye, viondolewe vitu vya hatari, waende pamoja kwa mtu mwenye taaluma. Mratibu azungumze na mshauri jioni hiyohiyo, na tena siku inayofuata.

*Mfadhili anataka idadi ya waliopata kazi baada ya miezi mitatu.* Mpe unachokipima kweli: jozi ngapi bado zinakutana, wangapi wamepata vitambulisho, wangapi wameingia mafunzoni, wangapi wamefika kliniki. Mwonyeshe mpango wako wa jozi za miezi 12 kabla hujasaini kupokea fedha zake. Akisisitiza miezi mitatu, punguza kazi: endesha mafunzo mafupi ya ufundi au safari za kutafuta vitambulisho, bila kuunda jozi.